Mkono, Injini na Nyasi za Shule

Githongo iko kwenye mteremko wa mashariki wa Mlima Kenya, katika Imenti ya Kati, nchi ya Wameru. Juu yake kuna mashamba ya chai, chini yake kahawa, na katikati, popote pasipopitiwa na jembe, huota nyasi. Ardhi ni nyekundu na yenye rutuba, mvua ni za kutosha, na uwanja ulionyolewa vizuri mwanzoni mwa muhula huweza, baada ya majuma machache tu, kuficha mpira wa miguu. Kwa sababu hiyo kila mwalimu mkuu, kila msimamizi wa zahanati na kila mzee wa kanisa ana swali ambalo hawezi kulikwepa: nani atakata nyasi hizi, na kwa gharama ya nani?

Majibu yaliyo ya kawaida ni mawili. La kwanza ni fyekeo, ambalo wanafunzi wengi huliita slasha; la pili ni mashine yenye injini ya petroli. Liko na jibu la tatu, lakini watu wengi hulipita bila kulitazama, nalo ni mashine ya kusukuma kwa mkono, isiyo na injini wala tangi la mafuta. Aionaye stoo ya shule, imelazwa nyuma ya madawati yaliyovunjika, hudhani kwamba ni masalio ya zamani za ujinga, kabla watu hawajajua kutengeneza kitu bora zaidi. Dhana hiyo yafaa ichunguzwe, maana historia ya mashine hiyo ni ndefu, na ndani yake mna hesabu ambayo hata leo haijafungwa.

Kabla ya mwaka 1830 hapakuwa na mashine ya kukata nyasi popote duniani. Matajiri wa Uingereza walipenda kuzungusha nyumba zao kwa viwanja vya nyasi fupi, na sababu yake si ngumu kuielewa: mwenye ardhi kubwa aliyeweza kuiacha bila kupanda shayiri wala viazi alikuwa akiwaonyesha jirani zake kwamba hana njaa. Nyasi hizo zililishwa kondoo, au zilikatwa na wanaume waliotumia mundu mkubwa wenye mpini mrefu. Kazi ilianza alfajiri, kwa kuwa jani lenye umande hukatika vizuri kuliko jani kavu. Fundi wa mundu huo alihitaji miaka kadhaa ili ajue kuuzungusha bila kuacha makovu uwanjani. Nyuma yake walifuata watu wengine wenye mafagio na mikokoteni ya kukusanya majani. Hivyo uwanja mmoja wa nyasi ulikula siku za watu wengi.

Mtu aliyebadili mambo hayo hakuwa mtunza bustani. Aliitwa Edwin Beard Budding, fundi wa mitambo karibu na mji wa Stroud, katika jimbo la Gloucestershire. Bonde la Stroud lilikuwa na viwanda vingi vya nguo za sufu. Kitambaa cha sufu kikitoka kwenye mtambo wa kufuma huwa na manyoya madogo juu yake, na manyoya hayo lazima yakatwe ili kitambaa kiwe laini. Viwandani humo ilikuwapo mashine yenye silinda iliyozungushiwa visu vilivyopinda. Silinda ikizunguka, visu vilipita juu ya ubao wa chuma na kukata manyoya sawasawa. Budding aliitazama mashine hiyo akawaza jambo ambalo wengine walioitazama kila siku hawakuliwaza: kama chombo hiki chaweza kunyoa kitambaa, kwa nini kisinyoe ardhi?

Alipata hati ya uvumbuzi mwezi wa Agosti 1830, na mshirika wake John Ferrabee akaitengeneza mashine hiyo katika karakana yake. Ilikuwa ya chuma cha kusubu, na upana wake ulikuwa inchi 19. Nyuma yake palikuwa na gogo la chuma lililobingirika chini. Gogo hilo lilizungusha magurudumu yenye meno, nayo yakazungusha silinda ya visu kwa kasi iliyo mara 16 ya kasi ya gogo. Visu vilipokutana na ukingo wa chuma uliosimama, jani lilikatwa kama kwa mkasi, likarushwa mbele ndani ya sinia. Mtu mmoja alisukuma kwa nyuma. Na kwa kuwa mashine ilikuwa nzito, palikuwa na mpini wa pili mbele ili mwenzake avute. Husimuliwa kwamba Budding aliijaribu usiku ili jirani wasimcheke. Kama ni kweli au ni hadithi tu, yaonyesha jinsi jambo hilo lilivyokuwa geni.

Miongoni mwa wanunuzi wa kwanza walikuwamo wasimamizi wa bustani ya wanyama ya Regent's Park mjini London. Msimamizi wa bustani hiyo alisema kwamba mashine moja ilifanya kazi ya watu sita au wanane wenye miundu na mafagio. Neno hilo lastahili kutiwa alama na msomaji wa historia. Mashine ya Budding haikuwa na injini, wala haikutumia hata tone moja la mafuta; lakini tayari ilikuwa imepunguza kazi ya watu wanane ikawa kazi ya mtu mmoja au wawili. Sehemu kubwa ya faida tunayoisifu katika injini ilipatikana kwanza katika kisu kilichopangwa vizuri na magurudumu yenye meno. Budding mwenyewe alifariki mwaka 1846 bila kutajirika. Kadhalika yeye ndiye aliyetengeneza spana yenye taya za kurekebishwa, chombo ambacho fundi wa baiskeli yeyote pale sokoni Githongo angekitambua kikianguka mbele yake.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Kiwanda cha Ransomes cha Ipswich kilipata ruhusa ya kutengeneza mashine hizo mwaka 1832. Katika miaka ya 1840 Alexander Shanks wa Arbroath, Uskoti, alitengeneza kubwa zaidi ya kuvutwa na farasi mdogo, na farasi akavishwa viatu vya ngozi ili kwato zake zisitoboe uwanja. Mwaka 1893 James Sumner wa Leyland alitengeneza ya mvuke, iliyochomewa mafuta ili maji yachemke. (Karakana hiyo ndiyo iliyozaa baadaye kampuni ya malori ya Leyland, ambayo magari yake yalipanda milima ya Kenya kwa miaka mingi.) Mashine ya mvuke ilikuwa nzito mno na ilichelewa kupata moto. Ndipo mwaka 1902 Ransomes wakaanza kuuza mashine ya petroli.

Huku Marekani watu walifuata njia nyingine. Badala ya kuongeza nguvu, walipunguza uzito. Mashine za kusukuma zikawa nyepesi kiasi ambacho mwenye nyumba ya kawaida, asiye na watumishi, aliweza kukata uwanja wake jioni akitoka kazini. Mwaka 1899 Mmarekani mweusi, John Albert Burr, alipewa hati ya uvumbuzi kwa mashine ya aina hiyo ambayo magurudumu yake hayakuzibwa kwa urahisi na majani yaliyokatwa, na ambayo iliweza kukata karibu sana na ukuta. Utumwa nchini mwake ulikuwa umekomeshwa kwa sheria mwaka 1865 tu. Chombo alichokitengeneza kilikuwa cha kumpunguzia jasho mtu anayesukuma.

Sasa turudi Afrika ya Mashariki, kwa kuwa nyasi fupi za mapambo zilifika hapa pamoja na ukoloni. Wenyeji wa Meru walijua matumizi mengi ya nyasi: walizilisha ng'ombe na mbuzi, waliezekea nyumba, walizitandika chini. Kukata nyasi ili zitupwe, na kuzikata tena juma lijalo ili zitupwe tena, kulikuwa ni desturi ya wageni. Klabu ya gofu ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1906. Mwaka 1908 E. B. Horne, ambaye Wameru walimpa jina la Kangangi, aliweka boma la serikali Meru. Na kila palipokuwa na boma, misheni au klabu, mtindo wa kiwanja cha nyasi ulikuja nyuma yake, ukapita katika shule, nasi tumeurithi pamoja na kengele na gwaride.

Kuna jambo la kuchekesha kidogo katika habari hii. Nyasi iliyo bora sana kwa viwanja vya nyanda za juu haikutoka Uingereza. Ilikuwa hapa tangu kale. Ni ile itambaayo chini kwa mashina yenye vifundo, ambayo dunia nzima huiita nyasi ya Kikuyu. Katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20 ilichukuliwa kutoka Afrika ya Mashariki na Kati ikapelekwa Afrika Kusini, Australia na California. Huko ilienea hata ikawashinda wenyewe, na sehemu nyingine wakaitangaza kuwa magugu. Lakini pia hufunika uwanja mashuhuri wa gofu wa Riviera mjini Los Angeles, ambamo matajiri hulipa fedha nyingi ili wakanyage kile ambacho mbuzi wa Githongo hukanyaga bure.

Katika zama za ukoloni mashine ya kusukuma na fyekeo vilitumika sana katika nchi yetu, wala halikuwa jambo la kuhifadhi mafuta. Mkono wa Mwafrika ulikuwa rahisi kuliko petroli. Kodi ya nyumba ilimlazimisha mtu kutafuta fedha, na tangu mwaka 1920 kipande alichofungiwa shingoni kilimzuia kumwacha bwana wake apendavyo. Mtu wa namna hiyo aliposukuma mashine juani kutwa nzima kwa ujira mdogo, kitabu cha hesabu cha klabu kilionyesha akiba kubwa. Lakini akiba hiyo ilitoka wapi? Ilitoka katika mabega yake na katika chakula cha watoto wake. Ni lazima neno hili lisemwe waziwazi, maana leo pia mtu aweza kusifu mashine ya mkono kwa kuwa haili petroli, huku akisahau kwamba mwenye kuisukuma hula. Shule inayoacha injini kisha ikampa mtunza uwanja kazi maradufu kwa mshahara uleule haijapunguza gharama yoyote. Imeihamisha tu, ikaiweka mahali ambapo mkaguzi wa hesabu hatazami.

Petroli nayo ina historia yake. Watu waliizoea ilipokuwa rahisi, wakadhani urahisi huo ni tabia yake. Waingereza walifundishwa vingine mapema: tangu Septemba 1939 hadi Mei 1950 petroli kwao iligawiwa kwa kipimo, na haikuwa kitu cha kuchezea bustanini. Hata kabla ya hapo, katika Vita Vikuu vya Kwanza, Rais Woodrow Wilson wa Marekani aliwaweka kondoo katika uwanja wa ikulu yake ili wale nyasi na watu waende kwenye kazi nyingine. Sufu yao ilipigwa mnada mwaka 1918 ikaleta zaidi ya dola 50,000 kwa ajili ya Msalaba Mwekundu. Kondoo ni mashine nzuri ya kukata nyasi, tena hujirekebisha yenyewe.

Somo la nchi zetu lilikuja mwishoni mwa mwaka 1973. Nchi za Kiarabu zenye mafuta zilipunguza uuzaji kwa sababu ya vita kati ya Waarabu na Israeli, na nchi zenye kuuza mafuta zikapandisha bei, hata pipa lililouzwa kama dola 3 likauzwa karibu dola 12 mwanzoni mwa 1974. Kenya na Tanzania hazikuwa na kisima hata kimoja cha kutoa mafuta. Kahawa na chai ya wakulima, ikiwamo ya Meru, ilibidi iuzwe kwa wingi zaidi ili ilete mafuta yaleyale. Tanzania ilifika mahali pa kukataza magari ya watu binafsi yasiende barabarani Jumapili mchana. Nchi ikikatazwa kuendesha gari, ni nani atakayeomba petroli ya kukatia maua?

Petroli ifikayo Githongo imesafiri sana. Huteremshwa melini Mombasa, hupitia bomba hadi Nairobi, kisha hupanda malori kuuzunguka mlima. Kila hatua ya safari hiyo ina malipo yake, na kodi imewekwa juu yake. Mwezi wa Septemba 2023 bei ya rejareja mjini Nairobi, kama ilivyotangazwa na mamlaka ya serikali ya kudhibiti nishati, ilipita shilingi 200 kwa mara ya kwanza. Lita moja ya petroli iliuzwa shilingi 211.64. Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme mashine ya shule hunywa lita moja kwa saa, na uwanja wote wahitaji saa sita. Kukata mara moja ni shilingi 1,270 hivi. Kukata mara kumi katika muhula ni shilingi 12,700, kabla hujanunua oili, plagi ya moto, na kisu kipya baada ya kile cha zamani kugonga jiwe. Kwa fedha hizo shule yaweza kununua vitabu vya ziada vya darasa zima, au kumwongezea mtunza uwanja mshahara. Mwanafunzi na aifanye hesabu hii upya kwa bei ya mwezi huu, na kwa ukubwa wa uwanja wake mwenyewe.

Hata hivyo si haki kuificha dosari ya mashine ya mkono. Injini ya kisasa, hasa ile yenye kisu kizungukacho chini kama panga la feni, hukata nyasi ndefu na fupi bila kuchagua. Ya Budding haiwezi. Visu vyake hukata kama mkasi, na nyasi iliyopita urefu wa kiganja hulala chini ya silinda badala ya kukatwa. Nyasi ya Kikuyu ikiachwa hufunga kama godoro, na hapo mwenye kusukuma atatoa jasho bure. Kwa hiyo mashine hii hudai kitu ambacho injini haidai: kawaida. Kila juma, wakati wa mvua, mtu apite. Akikosa majuma matatu, ameshindwa, na itabidi fyekeo litangulie.

Hapo ndipo kalenda ya Githongo huleta matatizo yake. Upande huu wa mlima mvua za Oktoba hadi Disemba aghalabu huwa nyingi kuliko za Machi hadi Mei. Basi nyasi hukua kwa nguvu zaidi Novemba na Disemba, miezi ambayo wanafunzi wengi wako nyumbani kwa likizo ndefu na mikono iliyozoea fyekeo haipo. Shule hufunguliwa Januari na kukuta msitu. Naamini kwamba hii ni sababu kubwa ya mashine za kusukuma kuishia stoo: hazikuharibika, zilikuta tu nyasi ambayo hazikuumbwa kwa ajili yake, zikalaumiwa, na mtu akatumwa kununua petroli.

Lakini nchi hii ina mlaji wa nyasi ambaye Budding hakumfikiria. Tangu miaka ya 1950, mpango wa kilimo wa Swynnerton wa mwaka 1954 uliporuhusu wakulima wengi wa Kiafrika kupanda mazao ya biashara na kufuga ng'ombe wa kizungu, mashamba ya Meru yamekuwa madogo na maziwa yamekuwa mengi. Ng'ombe hufungiwa bandani na kuletewa chakula, na mwenye ng'ombe hutembea mbali kutafuta mzigo wa majani. Nyasi ya Kikuyu ni malisho mazuri. Mzazi aliye jirani na shule, akiruhusiwa kukata kwa mundu katika likizo ya Disemba na kwenda na mzigo wake, huipatia shule uwanja mfupi bila kuidai senti, naye hupata maziwa. Ila uwanja uliokatwa kwa injini inayovuja oili, au ulionyunyiziwa dawa ya magugu, haufai kupewa ng'ombe.

Nyasi ikishafupishwa hivyo, mashine ya mkono yaweza kuanza kazi yake Januari, na kuiendeleza. Utunzaji wake ni mchache lakini haukubali uvivu. Mawe na vijiti viokotwe kwanza, maana kokoto moja huvunja ukali wa kisu. Majani yafutwe na visu vipakwe oili kidogo kabla ya kuirudisha stoo. Mara moja au mbili kwa mwaka visu vipakwe unga wa kunolea uliochanganywa na oili, kisha silinda izungushwe kinyumenyume mpaka visu vyote viguse ukingo wa chini sawasawa. Fundi hupima kwa kipande cha karatasi: hukiweka kati ya kisu na ukingo, huzungusha silinda polepole kwa mkono uliojihadhari, na huangalia kama karatasi imekatika kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Ikikatika upande mmoja na kukunjika upande wa pili, hurekebisha skrubu kidogo, akapima tena.